Kuaminiana hakurithiwi: Somo kutoka mifereji ya Upare

Abiria wengi wa mabasi ya Dar es Salaam na Arusha wanaijua Same kwa kuipita tu. Wanaona tambarare kavu yenye miiba na mikonge, ng'ombe wakivushwa barabara na kijana aliyejifunga shuka nyekundu, na upande wa pili ukuta wa milima uliofunikwa na mawingu. Huko juu ni nchi nyingine kabisa: migomba, kahawa, maharage, tangawizi ya Mamba Miamba, na msitu wa Chome unaokizunguka kilele cha Shengena chenye urefu wa mita 2,462. Juu kuna ukungu, chini kuna vumbi, na kinachoziunganisha nchi hizo mbili ni vijito vinavyoteremka.

Maji ya vijito hivyo hupita kwa watu wa kila namna. Yupo mkulima Mpare wa mlimani, Msabato au Mlutheri au Mwislamu. Yupo mjukuu wake aliyeteremka kulima tambarare. Yupo mfugaji wa Kimaasai au Mparakuyo anayetafuta pa kunyweshea mifugo. Yupo pia mtu ambaye babu yake aliletwa na kazi ya mkonge kutoka mkoa wa mbali, akazaa, akazikwa hapo hapo.

Katika vijiji vingine watu hawa hugawana maji miaka nenda miaka rudi bila kuitana polisi. Kilomita chache kutoka hapo, watu wa aina ile ile hutazamana kwa macho ya shari kila kiangazi kinapoingia. Tofauti inatoka wapi?

Jibu tulilozoea ni kwamba damu ni nzito kuliko maji: mtu humwamini wa kabila lake, humshuku wa kabila lingine, na hakuna la kufanya. Jibu hilo ni rahisi, na ndilo linalotumiwa na kila mwanasiasa mvivu. Historia ya Same na milima ya Upare inaonyesha vingine. Watu wa hapa wamewahi kuwaasi viongozi wa damu yao wenyewe, wakaishi kwa amani na wasiofanana nao kwa dini wala lugha. Kilichoamua mara nyingi ni kama kulikuwa na shughuli ya pamoja, zamu inayojulikana na mtu wa kuulizwa mambo yakiharibika.

Haki ya maji hutokana na jasho

Tuanze na ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kuchimbwa, na Wapare wamekuwa wakiyajenga mabwawa hayo tangu zamani za mababu. Usiku maji ya kijito huelekezwa kwa mfereji mpaka ndani ya ndiva. Asubuhi mlango hufunguliwa, maji yakashuka kwa nguvu mpaka mashambani. Bila ndiva, kijito chembamba kingenywewa na udongo wa mfereji kabla ya kufika shamba la mwisho. Kwa ndiva, maji machache ya usiku mzima yanageuka mkondo wenye nguvu wa saa kadhaa.

Ndiva nyingi zilianzishwa na koo, na ukoo mwanzilishi ndio uliokuwa na sauti kubwa katika kupanga zamu. Lakini mfereji hubomoka kila mvua kubwa inaponyesha, na tope hujaa ndani ya ndiva. Ukoo mmoja hauwezi kuzoa tope hilo peke yake kila mwaka. Hapo ndipo Wapare walipoutumia msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji ambayo jina lake limevuka mipaka ya Upare na sasa linatumika sehemu nyingi za Tanzania. Aliyefika na jembe lake akazoa tope alipata zamu. Asiyefika alitozwa faini, na akiendelea kukaidi alikosa maji. Kidogo kidogo, watu waliooa ukooni, waliohamia na waliokodi mashamba waliingia katika zamu kwa njia ya jasho.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Mwenye ndiva hakutakiwa kumpenda mgeni wala kuujua moyo wake. Alitakiwa kumwona akizoa tope. Mgeni naye hakutakiwa kuamini kwamba ukoo ule ni wa watu wema. Alitakiwa kuona kwamba siku ya zamu yake mlango unafunguliwa kwake kama unavyofunguliwa kwa wengine. Ukarimu wa moyo, kama ulikuja, ulikuja baadaye. Kilichotangulia ni utaratibu ambao kila mmoja aliweza kuukagua kwa macho yake.

Mahali imani inapoishia

Fuata kijito hicho hicho kuelekea chini. Bonde la Makanya linaanzia milimani upande wa Vudee na Chome, linapita Bangalala katikati ya mteremko, na kuishia tambarare ya Makanya karibu na reli na barabara kuu. Katika miaka ya 2000 watafiti wa maji, wakiwemo wa taasisi ya UNESCO-IHE ya Delft nchini Uholanzi, walifanya kazi ya muda mrefu katika bonde hili. Waliyoyakuta yangestahili kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya mkuu wa wilaya.

Kati ya mifereji ya jirani, na hata kati ya kijiji cha juu na kijiji kinachokifuata chini, walikuta makubaliano ya zamu yanayoheshimiwa. Wa juu, ambaye kwa nguvu za jiografia angeweza kuyafunga maji yote, aliyaachia. Wengi wa watu wa katikati ya mteremko wana asili ya mlimani. Wameoana, wanazikana, wanakutana msibani na gulioni. Anayefunga maji leo atatazamana na aliyemnyima kabla ya mwezi kuisha.

Kufika Makanya, makubaliano hayo hayapo tena. Kwa wakulima wa huko, mto umekuwa wa mafuriko: hushuka pale mvua kubwa inaponyesha mlimani, nao huyakimbilia maji hayo na kuyaelekeza mashambani kabla hayajapotea. Siku nyingine kinachowafikia ni mchanga tu. Hakuna zamu inayofika kwao, wala kikao kinachowakutanisha na wa juu kabisa. Wengi wa Makanya ni Wapare pia. Wanazungumza Chasu, yaani Kipare, na kubeba majina yale yale ya ukoo. Ila Makanya ni mji wa reli, wa mashamba ya mkonge na wa machimbo ya jasi. Umepokea watu wa kila mahali, na uhusiano wake na Vudee umefifia. Damu imefika mpaka Makanya, makubaliano yamekomea njiani.

Utafiti wa mwaka 1965

Mwaka 1965, miaka michache tu baada ya uhuru, kulifanyika katika Afrika Mashariki moja ya tafiti kubwa kuwahi kufanywa duniani kuhusu namna watu wa jamii moja wanavyowaona wa jamii nyingine. Jamii 30 zilichaguliwa, 10 kutoka Kenya, 10 Uganda na 10 Tanzania, na katika kila jamii watu 50 walihojiwa. Matokeo yake yalichapwa kitabuni mwaka 1976 na wanasaikolojia wa Marekani, Marilynn Brewer na Donald Campbell.

Jambo la kwanza walilolikuta halitamshangaza mtu. Karibu kila jamii ilijiona yenyewe ndiyo yenye watu waaminifu, wapenda amani na wenye maadili kuliko jirani zake. Ajabu ni kwamba watu hao hao hawakuona taabu kukiri kuwa jirani amewazidi kwa elimu, kwa mali au kwa bidii ya kazi. Walichokuwa wagumu kumpa jirani ni imani.

Jambo la pili ndilo zito zaidi. Wale waliojipenda sana kama kundi hawakuwa lazima ndio waliowachukia wengine sana. Kupenda chako na kuchukia cha mwenzako ni mambo mawili tofauti. Brewer aliendelea kulitafakari hilo kwa miaka mingi, na hitimisho lake ni kwamba ubaguzi mwingi huanza bila chuki. Huanza pale tunapowapa wa kwetu imani bure na kumdai mgeni dhamana. Chuki huingia baadaye, wakati kitu kinachogombewa kinapopungua au anapojitokeza kiongozi wa kuichochea.

Tukiyasoma matokeo hayo tukiwa bonde la Makanya, mengi yanafunguka. Mpare kujivunia Upare wake hakumdhuru mtu. Anayestahili kuulizwa ni yule anayepanga nani adaiwe dhamana na nani asamehewe.

Mbiru: wa kwetu walipopoteza imani

Wapo watakaosema kwamba imani ndani ya kabila angalau ni ya uhakika. Wapare wana ushahidi wa kuwajibu, nao unaitwa Mbiru.

Kabla ya ukoloni milima hii haikuwa na utawala mmoja. Palikuwa na Ugweno yenye historia ndefu ya utawala na ya wafua chuma Washana, palikuwa na Usangi, na kusini palikuwa na tawala ndogo ndogo, kila moja na mtemi wake na misitu yake ya matambiko. Hata lugha hazikuwa moja: Kigweno kinakaribiana zaidi na lugha za Kichaga kuliko na Chasu. Waingereza waliwakusanya wote katika wilaya moja, makao makuu yakawa Same.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 utawala wa wilaya ukishirikiana na machifu ulileta kodi mpya iliyoitwa mbiru. Tofauti na kodi ya kichwa iliyokuwa sawa kwa wote, mbiru ilimtoza kila mtu kwa kadiri ya mali yake. Kwenye karatasi lilionekana jambo la haki. Kijijini lilimaanisha kwamba wapo watu watakaopima ng'ombe, migomba na kahawa ya jirani yao na kuamua alipe kiasi gani. Wapimaji walikuwa Wapare. Machifu walikuwa Wapare. Watu wakakataa.

Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani, kaskazini na kusini, wakaja kukaa Same kwenye makao makuu ya wilaya wakidai kodi ifutwe. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao walijitokeza hadharani wakawakabili viongozi. Kufikia 1947 kodi hiyo ilikuwa imefutwa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwana wa Upare, aliandika habari hizi mwaka 1971 ili vizazi visisahau.

Mbiru inatufundisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, undugu wa kabila haukuwaokoa machifu walipowawekea watu utaratibu usiokaguliwa. Pili, Wagweno, watu wa Usangi na watu wa kusini ambao hawakuwahi kuwa chini ya mtemi mmoja walianza kujiona kuwa kitu kimoja pale walipoteremka Same pamoja. Upare huu tunaouona leo kama wa tangu na tangu umejengwa kwa sehemu kubwa na kazi hiyo ya pamoja. Na kama kundi la watu lilijengwa kwa namna hiyo, linaweza pia kupanuliwa.

Siku tatu za ibada

Angalia dini. Walutheri wa misheni ya Leipzig walianza kazi Upare ya Kaskazini mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1903 Wasabato kutoka Ujerumani walifungua Giti, upande wa Mamba, kituo chao cha kwanza katika nchi hii. Uislamu ulipanda milimani kwa njia ya biashara na kuota mizizi Usangi, Ugweno na kwingineko. Wakatoliki nao wakaja, na leo Same ni makao ya jimbo lao.

Sehemu nyingi za dunia mchanganyiko kama huo umeleta vita. Upareni umeleta koo zenye siku tatu za ibada. Ukikutana na Msangi, Mbwambo au Mgonja, jina la ukoo halikwambii anasali Ijumaa, Jumamosi au Jumapili. Kaka ni mzee wa kanisa, mdogo wake ni imamu, shangazi ni Msabato. Ikija harusi au msiba, mnyama huchinjwa na Mwislamu ili wote wale, na nguruwe haletwi, jambo ambalo Msabato na Mwislamu wanakubaliana bila kikao. Anayepanga kazi ya ukoo lazima ajue nani hapatikani siku gani.

Watu hawa hawakulegeza imani zao ili waishi pamoja. Wasabato wa Upare ni Wasabato kweli kweli. Walichonacho ni ukoo, shamba, kaburi na deni la kufikiana ambavyo vinawafanya wahitajiane kila wiki. Tofauti yao ya dini imekaa ndani ya shughuli nyingine nyingi zinazowafunga pamoja, kwa hiyo haikupata nafasi ya kuwa mpaka wa imani.

Mfano mwingine ni Wambugu, wanaojiita pia Wama'a. Jamii hii ya asili ya Kikushi iliishi Upare ya Kusini, na baadaye wengi wao wakahamia Usambara. Wanazungumza kwa namna mbili: moja inakaribiana sana na Kipare, na nyingine inatumia sarufi ile ile ya Kibantu lakini ikiwa imejaa maneno yasiyo ya Kibantu. Mwanaisimu Mholanzi Maarten Mous, aliyeitolea kitabu mwaka 2003, ameeleza kwamba namna hiyo ya pili ilitengenezwa na kutunzwa ili Wambugu wabaki kuwa Wambugu. Waliweza kusema kama jirani zao, wakachagua pia kuwa na maneno yao. Vizazi vimepita hivyo, wakinunua na kuuza, wakioa na kuozesha. Kujitofautisha peke yake hakuleti uhasama.

Kisha kuna utani. Kila Mtanzania amesikia habari za ubahili wa Mpare na kwamba yuko tayari kumaliza ng'ombe akiendesha kesi ya kuku. Mchaga, ambaye ni mtani wake, humwambia hayo mbele ya watu, naye Mpare hurudisha kwa maneno makali zaidi juu ya Mchaga na fedha. Hakuna anayekasirika. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, Usambara, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika kwa upana kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika, katika miaka ya 1940. Utani una sheria zake. Mtani anaruhusiwa kukutukana, lakini msibani kwako ndiye anayefika kukufanyia kazi na kukuchangamsha. Ana haki ya maneno kwa sababu ana wajibu wa vitendo. Maneno yale yale yakitamkwa na mtu asiye na wajibu wowote kwako, ofisini au kwenye jukwaa la kampeni, yanakuwa dharau. Tuwe waangalifu, kwa sababu siku hizi wapo wanaotaka haki ya kutania bila kubeba jeneza.

Nyasi zilipopungua

Mambo haya yote mazuri yana mpaka, na upande wa mashariki wa milima mpaka huo una jina: Mkomazi. Pori la akiba la Mkomazi lilianzishwa mwaka 1951. Kwa miongo kadhaa wafugaji wa Kiparakuyo na Kimaasai, pamoja na Wapare, Wasambaa na wengine, walichunga ndani yake, wengine kwa ruhusa na wengine bila ruhusa. Mwaka 1988 wafugaji waliondolewa. Kesi yao ilipanda mpaka Mahakama ya Rufani, na mojawapo ya maswali yaliyobishaniwa ni nani alikuwa mwenyeji wa kwanza. Mwaka 2008 Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa.

Sibishani hapa na uhifadhi. Vifaru na mbwa mwitu wa Mkomazi ni mali ya Watanzania wote. Ninachotaka tukione ni kilichotokea kwa imani. Ng'ombe hawakuondoka duniani. Walibanwa katika ukanda mwembamba kati ya mpaka wa pori na mashamba ya miguuni mwa milima, na wengine walihamia upande wa Ruvu na mbali zaidi. Mtafiti Mwingereza Dan Brockington, katika kitabu chake cha mwaka 2002, alieleza jinsi uchumi wa familia hizo ulivyodhoofika, ikiwemo biashara ya maziwa iliyokuwa mikononi mwa wanawake.

Tufikirie maana ya maziwa hayo. Mama wa Kimaasai anayeleta maziwa kila siku kwa mama wa Kipare anajulikana kwa jina, kwa watoto wake, kwa kipimo chake. Wanakopeshana. Siku ng'ombe wa familia yake wakiingia shambani, kuna mlango wa kugonga. Biashara hiyo ikifa, familia hizo mbili zinabaki kukutana mahali pamoja tu: kwenye mahindi yaliyoliwa. Na wanaokutana huko ni vijana, mmoja ana fimbo na mwingine ana panga, wakati wa kiangazi, kila mmoja akiwa na njaa ya kwake. Hapo hakuna tena mama fulani na baba fulani. Kuna "Wamaasai hawa" na "Wapare hawa".

Tunajua mwisho wa njia hiyo. Desemba 2000, kijijini Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38. Waliogombana hawakuwa watu wabaya kuliko wengine. Waliachwa wakutane wakiwa hawana zamu, hawana kikao na hawana wa kumuuliza.

Kazi ya serikali

Je, dola ina nafasi gani katika jambo la moyoni kama imani? Nafasi kubwa. Mwaka 2004 mchumi Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha wilaya mbili zisizo mbali na Ziwa Victoria: Busia nchini Kenya na Meatu nchini Tanzania. Busia, shule zilizo katika maeneo yenye mchanganyiko mkubwa wa makabila zilipata michango midogo kuliko zilizo katika maeneo ya kabila moja. Wazazi hawakuwa tayari kuchangia watoto wa wengine. Meatu, mchanganyiko haukuleta upungufu huo. Kama sababu, Miguel alitaja Kiswahili, mafunzo ya uraia shuleni, kuondolewa kwa machifu na serikali za vijiji zilizowakalisha watu wote katika mkutano mmoja.

Tusilewe sifa. Matunda hayo yalipandwa na kizazi kilichopita, na mti usiopaliliwa huacha kuzaa. Mkutano mkuu wa kijiji usioitishwa miezi na miezi hauwezi kujenga imani ya mtu yeyote. Mwenyekiti anayepokea ng'ombe wa mgeni kwa siri na kuwaficha wanakijiji makubaliano hayo anafanya kosa lile lile la wapimaji wa mbiru.

Vyombo tunavyo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu jumuiya za watumiaji maji, na Bonde la Pangani lina ofisi yake Moshi. Jumuiya hizo zinatakiwa kuufuata mto mzima. Vudee, Bangalala na Makanya wakae meza moja, na mfugaji awe mjumbe mwenye kura, si mtu wa kuitwa siku ya kulipishwa fidia. Mipango ya matumizi bora ya ardhi ioneshe njia za mifugo na sehemu za kunyweshea, ichorwe na pande zote zikiwepo, na ibandikwe mahali kila mtu anaweza kuisoma. Vikao vifanyike masika, majani yakiwa mengi na mito imejaa, kwa sababu mtu mwenye njaa hapangi zamu.

Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe unaotoa maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Mradi huo uliochukua miaka mingi ni neema kwa miji iliyoteseka kwa muda mrefu. Lakini bomba halina zamu ya macho kwa macho kama ndiva. Mtu hamwoni aliyefungua wala aliyefunga. Kwa hiyo ankara iwe ya haki na inayoeleweka, ratiba ya mgao itangazwe na kufuatwa, na kijiji ambacho bomba linapita bila kukihudumia kiambiwe ukweli na wakati wake. Mamlaka ya maji isipofanya hivyo, watu watatafuta maelezo yao wenyewe, na maelezo ya kwanza kuwajia yatakuwa kwamba "wale" wamependelewa.

Kwako msomaji, uwe Mpare, Mchaga, Msambaa, Mmaasai au mgeni wa juzi: usingoje kumpenda jirani ndipo ufanye naye kazi. Mwite katika msaragambo. Mpe zamu na uidai zamu yako. Nunua maziwa yake, muuzie mahindi yako, hudhuria msiba wake. Kiongozi akikwambia kwamba shida yako imeletwa na kabila fulani, muulize mkutano wa kijiji uliitishwa lini na taarifa ya fedha ilisomwa lini. Mababu wa Upare walijenga ndiva kwa ajili ya kiangazi walichojua kitakuja. Kuaminiana nako kujengwe sasa, kwa sababu kiangazi kijacho hakitatusubiri.